Nilienda kuchora silikanti nikarudi na kamba: wiki 6 za residensi njia ya Pangani (uzi mrefu)

KambaMbili (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Kuna mdau kwenye ule uzi wa wachoraji wa mtaani aliuliza hivi residensi ya sanaa ndo nini na huwa mnafanya nini huko siku zote hizo, nikamwahidi ntaleta uzi wake. Leo umeme upo, bando lipo, mvua imenifungia ndani, ngoja nimwage. Asiye na muda apite kimyakimya.

Residensi ni hivi, unapewa pa kulala, chakula, hela ya vifaa na kaposho, unakaa mahali ambapo sio kwenu kwa muda fulani unafanya kazi yako. Zipo za kujifungia mwenyewe na zipo za jamii ambazo sharti lake kazi ifanyike na wenyeji. Mi niliingia hiyo ya pili. Wiki sita, kijiji cha pwani mkoa wa Tanga, njia ya Pangani, ukishapita Machui alikozikwa Shaaban Robert na ukishapita magofu ya Tongoni. Mkono wa kushoto bahari, mkono wa kulia mkonge mpaka macho yanachoka. Jina la kijiji naliacha.

Mkono wangu ni wa tingatinga, ule mtindo wa uchoraji, nimejifunzia Dar, rangi ya mafuta juu ya hadibodi, ndege wa shingo ndefu na samaki wa madoadoa. Kwahiyo kwenye maombi nikaandika ntachora silikanti wa mita kumi kwenye ukuta wa banda la samaki na watoto watasaidia kupaka rangi. Kwa asiyemjua, silikanti ni yule samaki ambaye wasomi walishamzika kabisa, walijua kaisha pamoja na madainosaria miaka kama milioni 65 iliyopita, mpaka 1938 akanaswa mmoja kule Afrika Kusini dunia nzima ikashika mdomo. Huku kwetu Tanzania akaanza kunaswa 2003, baadaye Tanga wakamnasa kwa wingi, na 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Mi nikaona hapa pana dili. Nikachaguliwa chap.

Siku ya kwanza napelekwa kwa mwenyekiti kujitambulisha, nikafungua daftari nikamwonyesha skechi. Mzee wa watu akaangalia, akaguna, akasema "Huyu tena?" Akanitoa nje akaanza kunionyesha kwa kidole. Ukuta wa shule silikanti. Duka silikanti. Kuna bango la bati lililoliwa na kutu, ukikaza macho unaona mkia wa silikanti. Nilihesabu wanne kabla sijafika nilikopangiwa kulala.

Nakuja.

Mdigo Mtulivu

Hahahaaa huyo samaki katuchosha sana mkuu. Kila mgeni anayekuja na brashi lazima atuchoree. Changu hachorwi, dagaa hachorwi, na ndo tunaokula.

Chuma Chakavu

Ulilipwa shingapi? Maana hizi ndo zile hela za wafadhili, unakaa kijijini wiki sita, unapiga picha na watoto, unarudi mjini unaitwa msanii wa jamii. Sisi tunaosoma tunajua.

Bint wa Mwambao

Chuma muache amalize bwana, wewe kila uzi hela hela.

KambaMbili (mleta uzi)

Chuma sijakasirika, swali lako lina haki yake, hela ntaielezea mbele na kuna mahali ilinitoa jasho kweli. Tuendelee.

Wiki mbili za kwanza sikufanya kitu. Yani kweli hakuna kitu, asubuhi naenda bandani, nakaa, jioni narudi. Wasanii hii sehemu huwa hawaisemi, kwenye ripoti wanaandika "kipindi cha utafiti". Kipindi cha utafiti ni kukaa kwenye gogo unatazamwa kama mtu asiye na kazi. Watoto walinipa jina, "mjomba wa gogo", mpaka leo nikipiga simu kule ndo naitwa hivo.

Kibaya zaidi nilikuwa na daftari. Kila nikifungua daftari watu wananyamaza. Mi najua nachora mtumbwi, wao wanaona mtu kaja toka mjini anaandika, na pale pwani anayeandika huwa anahesabu nyavu. Siku ya nne au ya tano hivi kijana mmoja akanifuata kiroho safi akaniambia "kaka, watu wanasema wewe mkaguzi". Dah. Kuanzia siku ile daftari nikaacha chumbani, na huo ndo ukawa mwanzo wa kazi yenyewe ingawa wakati ule niliona ndo mwisho, maana mchoraji bila daftari anafanya nini? Nikaanza kusaidia kuvuta ngalawa, kubeba ndoo, kuparua samaki vibaya wakanicheka.

Sasa kuna mzee mmoja mvuvi mstaafu, huwa anakaa pale kushona nyavu za wenzake. Alishawahi kuwa kwenye chombo kilichomnasa silikanti, kwenye jarife, ule wavu wa papa. Nikamwomba anielezee alivyokuwa, mi nilitaka magamba, rangi, macho, vitu vya kuchora. Akanijibu kwa mkato tu, mkubwa, mzito, ana mafuta. Nikabanwa na swali nikauliza alikuwa kina gani? Hapo mzee akaweka chini sindano ya kushonea. Akasimama. Akashika kamba ambayo haipo, akaivuta mpaka mikono yake yote miwili ikanyooka kushoto na kulia, akasema "pima moja". Akavuta tena. "Pima mbili." Watu wakaanza kucheka, yeye hana habari. Akaenda hivo hivo, kumi, ishirini, jasho linamtoka, thelathini, hakuna tena anayecheka, kuna kijana akataka kumzuia akasukumwa na kiwiko, arobaini, mpaka hamsini. Akakaa. Akahema weee. Kisha akasema, "Huyo mnayemchora ukutani yuko kama chewa wa mfukoni. Mimi nimekwambia alikotoka."

Usiku ule sikulala wakuu.

Mdigo Mtulivu

Hapo umenisimamisha nywele. Na kweli pima ndo hiyo, ncha ya vidole mpaka ncha ya vidole. Ndo maana wauza kamba wajanja wanamweka dogo mwenye mikono mifupi apime.

Mwl Mstaafu

Ndugu mleta mada, pima inakadiriwa kuwa futi sita. Hamsini ni kama mita 91. Silikanti wa Tanga wameripotiwa kunaswa kina kifupi kuliko wa Komoro, kwahiyo maelezo ya mzee yanaingia akilini. Endelea.

KambaMbili (mleta uzi)

Shukrani mwalimu.

Basi kesho yake nikafuta ukuta kichwani. Mi nataka kuonyesha kina. Sasa kina unakichoraje? Nilijaribu kwenye daftari (usiku, mlango nimefunga 😂), nikapaka bluu inayokuwa nyeusi kadri unavyoshuka, ikatoka kama kalenda ya kampuni ya bima. Nikajaribu kuandika namba kwenye ukuta, moja mpaka hamsini, ikawa kama rula. Kila nikijaribu naiona ile mikono ya mzee. Mwisho nikajiambia basi acha ujanja, alichokifanya mzee ni kuvuta kamba, tengeneza kamba.

Na hapo nikafanya kosa la mtu wa mjini. Niko Tanga, nimezungukwa na mkonge, akili ikaniambia kamba = mkonge. Nikaenda shambani, nikaongea na watu wa korona, kile kiwanda cha kukamua mkonge, wakaniuzia singa, yani nyuzi zake, nikarudi nazo mabegani kama simba mwenye manyoya meupe. Nikasokota mwenyewe siku tatu, mikono ikachubuka, nikapata kama pima nane za kamba mbovu iliyonenepa huku ikakonda kule. Nikaipeleka baharini kuijaribu, nikaifunga kwenye kigingi maji yakipwa, nikaiacha kama wiki. Nilivyorudi imevimba, imelegea, nusu yake imejifungua yenyewe imekuwa ndevu.

Kuna akina mama walikuwa wanatoka kwenye mikoko wananiangalia. Mmoja bibi wa makamo akaniuliza "Mwanangu hiyo nywele ya nani?"

Korona Boy

Mleta uzi mimi mtoto wa kambi ya mkonge kabisa, nimezaliwa kwenye lain, zile nyumba za wafanyakazi. Babu yangu aliletwa toka Songea kama manamba, wakaitwa hivo kwa sababu mtu alikuwa namba, jina lako linabaki kwenu, unapewa kipande, ile kadi ya kazi ya siku 30, unaanza kukata. Mkonge wote huu unaouona ulianzia Pangani hapo hapo Kikogwe, 1893, yule Mjerumani Hindorf aliagiza miche toka Florida ikafika hai 62 tu. Miche 62 ndo imezaa yote haya na jasho la mababu zetu juu yake. Kwahiyo usiuponde mkonge kwa sababu wewe hujui kusokota. Kilo mia za majani unapata kilo nne hivi za singa, sio mchezo.

KambaMbili (mleta uzi)

Korona Boy sijauponda kaka, subiri utaona mkonge ulivyorudi na ulirudi kwa mlango wa mbele.

Tuendelee na akina mama. Kumbe wao wana kamba yao, ya makumbi ya nazi. Sikuwa najua kazi yake ilivyo. Unafukia makumbi kwenye matope ya mikokoni, kila mama ana shimo lake na alama yake, mwingine kijiti mwingine jiwe, hakuna anayegusa la mwenzie. Yanakaa miezi sita na zaidi zile sehemu laini zinaoza zinabaki nyuzi. Yakifukuliwa yananuka, nisiwadanganye, nilitoka mbio mara ya kwanza wakanicheka mpaka kesho yake. Kisha yanapigwa na rungu juu ya gogo, yanaoshwa, yanaanikwa, ndo unapata usumba. Usumba unasokotwa kwa viganja, kidogo kidogo, na hiyo kamba chumvi haiifanyi kitu kirahisi. Mababu walishonea mitepe, vile vyombo vya zamani vya mbao za kushonwa, kwa kamba hizo hizo.

Nikamwambia yule bibi nataka kutengeneza kamba ya pima hamsini kuanzia mwanzo, na mimi nifukie makumbi yangu. Akaniuliza "Sanaa yako imebakisha siku ngapi?" Nikamwambia wiki tatu na nusu. Akawageukia wenzie, "Makumbi ya kufukia leo huyu atayakuta ana wajukuu."

Kwahiyo ikabidi ninunue usumba uliokwisha kutoka. Chuma Chakavu sasa fungua masikio, hapa ndo hela. Hela yangu ya vifaa ilikuwa ya rangi, brashi na ngazi. Nikaigeuza yote kuwa usumba na malipo ya kusokota. Akina mama mwanzo wakanipandishia bei mara mbili, nikalalamika, yule bibi akasema "si ya sanaa hii? Sanaa si ghali?" Sikuwa na jibu, tukakutana katikati. Kisha waandaaji wakaniomba risiti. Jamani risiti ya makumbi inatoka wapi? Nilizunguka siku mbili nzima na karatasi, mtendaji akatuandikia orodha, kila mama akaweka dole gumba au sahihi, ukapigwa muhuri. Ile orodha ndo nzuri kuliko skechi zangu zote za mwezi ule na sikubaki hata na nakala.

Bint wa Mwambao

Mama yangu amenisomesha mpaka form four kwa kamba za makumbi. Viganja vyake mpaka leo vina sugu huwezi kushika. Umenikumbusha ile harufu 😂 nyumba nzima. Asante kwa kuandika, watu wanadhani kamba inazaliwa dukani.

Chuma Chakavu

Ok hapo kwenye kuwalipa nimekuelewa. Lakini bado swali, kama wao wanasokota wewe msanii unafanya nini? Si ni tenda tu hiyo, umewapa oda ya kamba.

KambaMbili (mleta uzi)

Hilo swali nilijiuliza kila usiku. Na kweli wiki ya nne ilikuwa oda tu, nakiri, nilikuwa nasimama kama mnunuzi.

Kilichobadilisha ni ugomvi. Mama mmoja kaleta pima zake tano, mwenzie akaenda kuzipima kwa mikono yake akasema hizi nne na nusu. Wakaanza. "Wewe mikono yako mirefu!" "Wewe umepima umekunja!" Nikawa nataka kuleta tepu ya fundi cherehani nimalize kesi, nimeinuka kabisa, alafu nikakaa. Wakuu pale ndo kazi iliingia. Nikawaambia kila mtu asokote pima moja tu, ya mikono yake mwenyewe, ikiwa fupi ni fupi yake, ikiwa ndefu ni yake. Tutaunga. Hamsini ziwe watu hamsini.

Ugomvi ukaisha ukazaliwa mwingine, kila mtu anataka kuwemo. Watoto walikuja wamenyoosha mikono kama ndege wanataka kuruka. Asiyejua kusokota anakaa kwa anayejua, na hapo na mimi nikakaa, mama mmoja akanifumua mara tatu. Anachukua kipande changu anakiangalia, hasemi kitu, anakifumua, ananirudishia usumba. Mara ya nne akakiacha. Sijawahi kupewa sifa kubwa kama ile kukaa kimya kwake.

Na Korona Boy, habari zilifika mpaka kambini. Jumapili wakaja wanaume kumi na kitu toka kwenye mkonge, wana singa zao, wanasema sisi pia wa hapa hapa, mbona kamba ina watu wa baharini tu? Wale jamaa wanasokota balaa, kwa paja, kamba inatoka nyembamba imekaza kama nyaya. Akina mama wakasema mkonge hauingii majini. Jamaa wakasema basi sisi tukae nchi kavu. Nilikuwa nimesimama pale na mdomo wazi maana mpangilio wote wa kazi umeshaamuliwa na mimi sijasema neno. Kamba ianze kwa mkonge kule juu barabarani, ishuke, ikigusa mstari wa maji igeuke usumba.

Korona Boy

Nimesimama kwa heshima mkuu. Futa komenti yangu ya juu.

Fundi Seremala

Swali la kiufundi, mliungaje mkonge na usumba? Zina unene tofauti, fundo litateleza.

KambaMbili (mleta uzi)

Fundi hazikufungwa fundo, zilisukwa kuingiliana, unafungua ncha zote mbili unazipishanisha unasokota upya, kama wavuvi wanavyounga kamba ya nanga. Yule mzee wa nyavu alifanya hizo mwenyewe, hakumwachia mtu.

Na huyo huyo mzee ndo aliyetuharibia furaha. Watu hamsini wametimia, tunapiga vigelegele, mzee akasema nileteeni. Akaanza kuvuta na kupima kwa mikono yake. Ikaisha kwenye arobaini na nne. Akaiweka chini. "Haijafika. Samaki bado yuko chini."

Bila shaka, kuna watoto, kuna akina mama wafupi. Mi nilitaka kumwelezea kuwa ni sanaa, ni ishara tu, sio lazima… nikamwangalia usoni nikaacha. Zimebaki siku tano, hela ya vifaa imekata. Tukatafuta watu wengine saba, na usumba wa hizo saba ulitolewa bure, hapo sikulipa hata mia.

Katika hao saba kuna mmoja ntamsema kwa uangalifu. Mama fulani mumewe alitoka na chombo miaka ya nyuma hakurudi. Alikuwa kashasokota pima yake mapema kabisa. Akaja na ya pili akasema hii ya mwenzangu. Nikamuuliza umeipimaje? Akaniambia kanzu yake ipo. Aliilaza kitandani akainyoosha mikono, akapima mkono wa kanzu mpaka mkono wa kanzu, kisha akaongeza shibiri moja huku na shibiri moja kule, za viganja.

Mi nikataka kuweka alama pale, kitambaa chekundu, chochote, watu wajue. Akakataa. Akasema isiandikwe, ikae tu na zingine.

Mwl Mstaafu

Ndugu, samahani. Amekuambia isiandikwe, na wewe umeiandika hapa mbele ya watu elfu.

Bint wa Mwambao

Nilikuwa naogopa kusema ila mwalimu amesema.

KambaMbili (mleta uzi)

Mwalimu hapo umenishika pabaya. Nimekaa nusu saa kabla ya kujibu. Jina la kijiji nimeficha kwa ajili yake, na yapo mengine nimebadilisha kidogo ambayo hata nyie hamwezi kujua, lakini bado ni kweli nimeandika. Sisi watu wa sanaa tuna huo ugonjwa, kitu kikitugusa mkono unawasha. Ntampigia kesho nimwambie, akisema nifute ntawaomba mamoda wafute hiyo post.

Niwamalizie siku yenyewe.

Tulisubiri bamvua, maji yanapwa mbali sana kule, mchanga unabaki wazi mpaka unaona nyasi za bahari. Saa nne asubuhi tukaanza kuilaza, toka kwenye mnazi kando ya barabara, ikapita kati ya nyumba mbili, ikapita bandani, ikashuka ufukweni, ikaingia kwenye mchanga ulioachwa na maji. Pande 57, mita 90 na kitu. Yani kina chote tumekilaza chini. Hakuna jukwaa, hakuna utepe wa kukata. Watu wakawa wanatembea pembeni yake toka juu kwenda chini, kila mtu anatafuta pande lake, na kilichonishangaza wanalijua, hawabahatishi, "hii yangu hii, hapa nilikosea". Watoto wanakimbia kuhesabu wanapotezana namba wanarudi mwanzo.

Mzee alitembea taratibu mpaka mwisho wa kamba kabisa. Akasimama pale maji yanamgusa vifundo. Akaangalia nyuma kule juu barabarani, mbali, magari yanaonekana madogo, akaonyesha kwa kidole chini ya miguu yake akaita watoto, "Haya. Hapa ndipo alipo." Wakachutama wote wanaangalia chini kwenye mchanga. Mi nina picha nyingi za siku ile ila hiyo sina, simu ilikuwa mfukoni.

Baadaye maji yakaanza kurudi, yakaifunika kidogo kidogo kutoka chini kupanda juu. Tukaivuta jioni.

Waandaaji walikuja siku hiyo, waliona, mmoja wao alitembea nayo mara mbili, lakini kwenye tathmini wakauliza "na mchoro wa ukutani je?" kwa sababu ndo ulioandikwa kwenye mkataba. Kwahiyo siku mbili za mwisho nikawachorea ukuta kwa rangi za kukopa. Ndio. Silikanti. Wa tano.

Mdigo Mtulivu

😂😂😂 nimeanguka kwenye kiti. Wa tano! Ntaenda kumtafuta huyo samaki wiki hii.

Kijana wa Raskazone

Mkuu hongera, huu uzi umesokotwa haswa. Mi nachora kwenye simu, nina ndoto ya kuomba hizo residensi. Ushauri?

KambaMbili (mleta uzi)

Dogo fanya yafuatayo, jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, uwe na karatasi zako, kusanya picha kumi za kazi zako nzuri tu usijaze takataka, na kwenye maombi andika unachotaka kufanya ila acha mlango wazi, usijifunge kama mimi na ule ukuta. Na ukifika usitoe daftari wiki ya kwanza. Kingine beba dawa ya mbu, hiyo hakuna anayekuambia.

Chuma Chakavu

Swali la mwisho alafu nakuachia. Kamba ni ya nani? Umeibeba Dar kwenye maonyesho?

KambaMbili (mleta uzi)

Kuna mtu wa galari aliitaka kweli, alitaja hela nzuri tu. Nikawapelekea akina mama hiyo habari, wakakaa kikao, wakarudi na hesabu yao, kwamba kamba ni nzuri, mpya, pima hamsini, na chombo cha fulani hakina kamba ya nanga. Hoja ikaishia hapo. Sehemu ya usumba iko baharini inafanya kazi, nilivyoenda mwezi wa tatu niliiona, imekuwa nyeusi kwa maji. Vipande vilivyozidi kila mtu alichukua chake. Ile ya kanzu sijauliza iko wapi.

Mi nilibaki na kipande changu mwenyewe, kile cha kufumuliwa mara tatu, mama alinikatia akasema hiki baharini kitaua watu. Na upande wa mkonge umebaki kwa mwenyekiti, umezungushwa msumarini ofisini.

Yule mama nimempigia leo asubuhi. Kacheka, kauliza hao watu elfu wananijua? Nikamwambia hawakujui. Akasema basi waache wasome, ila uwaambie alikuwa mrefu.

Bint wa Mwambao

❤️

Mzee wa Muheza

Salaam wana jukwaa. Nimesoma mpaka mwisho. Huo mkonge ulioko kwa mwenyekiti unauzwa? Nina mbuzi wangu wawili wanakata kila kamba ya dukani nikileta.